Pima Kwanza, Tawala Baadaye

Kila uchaguzi unapokaribia, Kanda ya Ziwa hujaa vijana wanaohangaika kutafuta mlango wa kuingilia kwenye siasa. Mmoja ananunulia jezi timu za mtaa, mwingine anagawa kofia na kanga, wa tatu anahudhuria misiba ya watu asiowafahamu na kulia kuliko wafiwa. Fedha inakwisha, kura hazitoshi, na kinachobaki ni deni la VICOBA. Mwongozo huu umeandikwa kuwaepusha na hasara hizo. Iko njia ya zamani kuliko jezi, imeshajaribiwa kwenye mwambao huu huu wa ziwa, na haihitaji kura hata moja. Jifunze kupima ardhi.

Kifaa cha kwanza ni sufuria. Usicheke. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, macho yalikuwa yakimsumbua, mwenzake Richard Burton alikuwa amebaki Tabora akiugua, na ng'ambo ya maji hakuiona. Alichokuwa nacho ni kipimajoto. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kadiri unavyopanda ndivyo yanavyowahi kuchemka, na hapa Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kisingizio kizuri kwa mama ntilie ambaye maharage yake hayajaiva saa saba. Speke akachemsha, akasoma, akapiga hesabu, akapata kuwa ziwa liko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Hakukosea sana. Vitabu vya leo vinasema mita 1,134, ambazo ni kama futi 3,720.

Hiyo ndiyo sehemu ya sayansi, na kama unavyoona ilimalizwa na sufuria. Siasa ilianza alipouliza ziwa linaishia wapi. Wenyeji wakamwonyesha kwa mikono kwamba upande wa kaskazini hakuna anayejua mwisho wake. Mtu mwenye kufuata utaratibu angetafuta mtumbwi. Speke alikaa siku tatu, akageuza njia, na moyoni ameshaamua kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia. Burton alimbishia miaka yote iliyofuata, na kwa utaratibu Burton alikuwa na haki. Kwa ukweli, Speke ndiye aliyepatia, jambo linalowaudhi wasomi hadi leo. Wewe mwanafunzi wa mwongozo huu chukua lako: tangaza kwanza, vipimo vitakuja vyenyewe.

Ukishatangaza, toa majina. Hapa usione haya. Siku ile Mwanza kulikuwa na Mtemi Mahaya, mwenye nchi. Kulikuwa na Mwarabu Mansur bin Salim, aliyempokea mgeni na kumkirimu. Kulikuwa na mkalimani Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila yeye Speke asingeweza hata kuomba maji ya kuchemsha. Hakuna kilima kilichopata jina la yeyote kati yao. Kilima kiliitwa Somerset, mkoa wa nyumbani kwa Speke huko Uingereza. Mkono wa ziwa unaoingia kusini ukapewa jina la nyumba ya kwao, Jordans. Ziwa lote akapewa Malkia Victoria, ambaye hakuwahi kulinawia uso. Baadaye Somerset ikasahaulika, mkono wa Jordans ukaja kuitwa wa Smith, na Speke mwenyewe akapewa ghuba. Wajerumani nao walipoingia waliliona lile jiwe kubwa lililokaa kama limetegwa juu ya mawe mengine pembeni mwa mji, wakalipa jina la Bismarck. Vijana wanalipiga picha mpaka leo, na kila mpiga picha anamtangaza mzee wa Berlin ambaye hajawahi kula sato.

Stanley, mwandishi wa magazeti, nimpitie haraka, kwa sababu mfano wake ni wa gharama kubwa. Alifika Kageyi, mashariki ya Mwanza, mwezi Februari 1875, akaunganisha mashua yake ya vipande, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote na kuchora mwambao. Katika safari hiyo aligombana na watu wa Bumbire, kisha akarudi Agosti na bunduki kuwalipizia, akaua watu wengi waliokuwa wamesimama ufukweni. Ramani ilitoka nzuri. Ukitumia mtindo huu, hakikisha wewe ndiye unayeandika habari kwa magazeti.

Sasa tuje kwenye mstari, ambao ndio moyo wa taaluma hii. Mpima anayeanza hudhani kwamba mstari huchorwa baada ya kuiona nchi. Wakubwa wa kazi hii walichora kwanza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari utoke mlangoni mwa Mto Umba, pwani, uende mpaka pale ambapo latitudo ya nyuzi 1 ya kusini inagusa ufuko wa mashariki wa ziwa. Tarehe 1 Julai 1890 wakauendeleza kuvuka maji kuelekea Kongo, kwenye nyuzi ile ile. Kwa nini nyuzi 1? Tazama ramani: namba 1 ni nzima, inakumbukwa kirahisi, na rula haihitaji kuinuliwa. Wakurya na Wajaluo waliokuwa wakiishi juu ya namba hiyo waligawanywa bila kuulizwa, na leo mtu wa Sirari anavuka kwenda kwa shemeji yake akiwa na kitambulisho mkononi.

Kipengele ninachokipenda zaidi katika mkataba wa 1890 ni cha mlima Mfumbiro. Speke aliuona kwa mbali akiwa Karagwe, akauweka kwenye ramani. Waingereza wakautaka, ikaandikwa kwamba ukionekana uko kusini ya mstari, basi mstari upindishwe ili mlima uwe wao. Tatizo likawa kuupata. Wapimaji walipofika wakakuta safu nzima ya volkano, ile ya Virunga, na kila mmoja ana hoja yake ni upi kati ya milima hiyo ndio Mfumbiro. Ugomvi huo uliwaleta Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji hadi kwenye meza ya mazungumzo Brussels mwaka 1910. Kwa hiyo ukitaka kudai eneo, dai kitu kisicho na anwani kamili. Mwenzako atachoka kukitafuta kabla hujachoka kukidai.

Upande wa magharibi ya ziwa, tume ya pamoja ilianza kwenda kusimika alama mwaka 1902, miaka 12 baada ya mkataba. Walikuta Mto Kagera unapinda na kuacha kipande cha nchi kati yake na mstari. Mto unaonekana kwa macho, mstari hauonekani, lakini mstari ulikuwa umetangulia kusainiwa. Kipande hicho, kama kilomita za mraba 1,800, kikabaki upande wa kusini. Idi Amin wa Uganda alikiangalia, akaamini mto kuliko rula, na mwishoni mwa Oktoba 1978 akavamia na kutangaza kuwa mpaka wake ni Kagera. Yaliyofuata wazee wetu wanayajua. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilikusudia kupiga Mwanza, ikakosa, silaha zikaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane na kuua swala. Sijui wanyama wengine waliokufa kwa sababu ya nyuzi 1 ya kusini.

Mpaka hapa umejifunza kazi za wanaopima na kuondoka. Wewe unataka kiti. Kwa hilo mwalimu wako ni Kapteni James Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyekuwa na uzoefu wa reli za India. Mwishoni mwa 1891 aliondoka Mombasa na maofisa wachache na mamia ya wapagazi, kazi yake ikiwa kutafuta njia ya reli hadi ziwani. Hakuja kutawala mtu. Alikuja kuangalia mteremko, kona, maji ya injini na mahali pa daraja. Ni kazi ya mtu mpole.

Alipita nyika ya Taru, akapanda Ukikuyu, akateremka Bonde la Ufa, akapanda tena Mau, akalifikia ziwa, akatoa makadirio: maili 657, pauni 2,240,000. Shika namba hizo. Akiwa safarini kurudi pwani, akaletewa amri ageuke arudi Uganda. Huko, Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walikuwa wamepigana Mengo, na Kapteni Lugard wa Kampuni ya Mackinnon, kampuni ya biashara ya Waingereza, alikuwa ameingiza mkono wake na bunduki zake. London ilitaka mtu wa kuchunguza. Hawakuwa na jaji karibu, wala mwanasheria, wala mchungaji asiyekuwa na upande. Karibu alikuwapo mpima reli.

Zingatia ufundi huo: kuwa karibu. Watu wenye sifa wako London, wewe uko njiani na theodolaiti, kazi unapewa wewe. Macdonald alichunguza kwa ukali, taarifa yake ikamwelemea Lugard vibaya, na serikali ikaifungia kabatini. Usivunjike moyo ripoti yako ikifungiwa. Ripoti iliyochapishwa husomwa na wapinzani. Iliyofungiwa humwongezea mwandishi heshima, maana kila mtu anakisia ina mambo mazito.

Machi 1893 akafika Sir Gerald Portal kama Kamishna, na mwezi uliofuata akateremsha bendera ya Kampuni na kupandisha ya Uingereza. Akagawa upya ardhi kati ya madhehebu: kaunti hizi za Waprotestanti, hizi za Wakatoliki, maaskofu Tucker na Hirth wakitia saini kana kwamba ni wauza viwanja wawili wanaogawana eneo moja. Mwishoni mwa Mei akaondoka zake. Kiti kikabaki wazi. Aliyekalia ni Macdonald, Kaimu Kamishna wa Uganda, aliyekuja kutafuta njia ya treni.

Angalia sasa tabia za mpima akishika madaraka. Waislamu wa Buganda walikuwa wamebanwa kwenye kaunti tatu ndogo, wakataka zaidi. Selim Bey, ofisa wa askari wa Kisudani, akawatetea kwa barua. Mwanasiasa mzoefu angeita kikao, angeunda kamati, angepoteza muda mpaka mvua zianze. Mpima anaona mstari uliovukwa. Juni 1893 Macdonald akawanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala, akamkamata Selim, akawapiga Waislamu waliosimama, na mwishowe wakabaki na kaunti moja, Butambala. Selim, mtu mzima na mgonjwa, alipelekwa pwani chini ya ulinzi, akafia njiani. Kwa miezi mitano mpaka Kanali Colvile alipokuja, Uganda ilikuwa imenyooka kama reli, kwa maana ya kwamba ukisimama katikati unakanyagwa.

Mwaka 1897 alirudi na msafara mpya wa kuelekea kaskazini, akiwategemea askari hao hao wa Kisudani, ambao walikuwa wamechoshwa na safari zisizoisha, mshahara mdogo uliochelewa, na kuamriwa kuacha wake na watoto nyuma. Walimwambia hawaendi. Maasi yaliyofuata yaliteketeza watu wengi, Waganda wengi zaidi kuliko Wazungu, na akiwemo ndugu yake Macdonald mwenyewe. Katika mwaka huo huo kitabu chake kilitoka London, na jina lake linataja uaskari kwanza, upimaji wa pili. Ndivyo anavyopaswa kuandika mtu anayejua cheo chake kilitoka wapi.

Na zile namba? Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, ikiwa fupi kwa maili zaidi ya 70 kuliko alivyokadiria, kwa gharama ya pauni kama milioni 5 na nusu, zaidi ya mara mbili ya makadirio yake. Alikuwa ameshaondoka. Hapo ndipo penye akili: makadirio ni ya anayekuja, bili ni ya anayebaki. Bandari ikapewa jina la mke wa mmoja wa wahandisi, Port Florence. Wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda, hivyo Reli ya Uganda ilikuwa imefika Uganda kweli. Aprili 1902 mkoa wote wa mashariki ukahamishiwa himaya ya jirani, ambayo leo ni Kenya, na Reli ya Uganda ikajikuta haifiki Uganda. Hakuna tofali lililosogezwa. Stesheni, gati na walevi wake wote walihama nchi wakiwa wamelala.

Ukiona kupima kunachosha, acha kabisa na ugawe kwa kukadiria. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliikisia nchi kuwa maili za mraba 19,600, ukawagawia machifu na wamiliki binafsi maili za mraba 8,000 kabla mtu hajaburuta mnyororo. Walipokuja kupima, nchi ikatokea ndogo kuliko karatasi, na kazi ya kutafuta kila bwana mkubwa yuko kwenye maili ipi iliendelea kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka yote hiyo wapimaji hawakukosa chakula.

Huku kwetu Wajerumani walikuwa na njia fupi zaidi. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Anayedai kuwa ni yake ndiye alete uthibitisho. Msukuma aliyelima mtama juu ya makaburi ya babu zake akatakiwa athibitishe kwamba yupo. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1923, wakaiita ardhi yote ya umma, chini ya Gavana, mtu akapewa haki ya kuikalia kwa miaka isiyozidi 99. Tukapata uhuru, tukaibakiza miaka 99, Gavana tukambadilisha na Rais. Sheria ya 1999 inasema anaishika kwa niaba yetu sote, na kwa kweli ni utaratibu mzuri, ila nauliza tu ni nani mwenye ramani.

Mjini kazi ni nyepesi. Mkoloni alipima pazuri kwanza. Penye upepo wa ziwa, vilima na miti, viwanja vikawa vikubwa, nyumba moja inaangalia maji bila kuiona nyingine. Katikati ya mji wakawekwa Wahindi na maduka yao, nyuma ya hapo Waafrika, na mara nyingi kati yao ukaachwa uwanja mtupu kwa sababu ya mbu, ambaye iliaminika hawezi kuvuka nyasi akitoka kwa Mwafrika kwenda kwa Mzungu. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ni mtoto wa imani hiyo. Hapa Mwanza nenda Capri Point jioni, halafu upande Mabatini, na utaona ni wapi mnyororo ulipita na wapi uliishia.

Maana wapimaji walipomaliza tambarare walitazama mawe ya milimani wakasema hapajengeki. Watu wakajenga. Nyumba zimepandana juu ya mawe ya ukubwa wa lori, maji yanabebwa kichwani, njia ni ngazi. Na hapo, kijana wangu, ndipo penye kura. Urasimishaji wa makazi umekuja, watu wanataka hati, benki inataka hati, mwana aliyeko Dar anamuuliza mama yake kila wiki kama hati imetoka. Wewe panda na GPS na kopo la rangi nyekundu. Usipande na hotuba.

Mweleze mwenyekiti wa mtaa kwamba huna nia ya siasa. Kusanya mchango wa upimaji kwa awamu. Simika bikoni mapema, za zege lenye chuma katikati na namba juu yake, kwa sababu mwananchi huiamini namba kuliko neno. Ndani ya mwezi utakuta moja imegeuzwa figa la tatu, sufuria ya dagaa iko juu yake inatokota. Usiitoe. Ndiyo mabango yako ya kampeni, na hayachaniki.

Maswali yatakuja, hasa kutoka kwa akina mama, ambao hawadanganyiki kirahisi.

"Bwana mpima, hii bikoni mbona umeiweka jikoni kwangu?"

"Mama, bikoni haiko jikoni. Jiko lako ndilo liko barabarani."

"Barabara yenyewe iko wapi, mwanangu?"

"Iko kwenye ramani, mama."

Hapo shusha sauti, mwambie kwamba ramani inaweza kurekebishwa, ila inahitaji mtu wa kuisemea kwenye baraza la madiwani. Usimtaje mtu huyo. Kunja tepu taratibu na umwache ajaze mwenyewe. Mzee wa nyumba ya tatu atakuwa ameshasikia, na kufikia Jumapili utaitwa kuwa mgeni rasmi wa harambee ya kwaya.

Ukishinda, hamia tambarare. Usisahau kuacha namba ya simu ambayo inaita. Na wale wa mlimani watakaokuja ofisini kuulizia hati zao, wakaribishe vizuri, waagizie soda, waambie Mheshimiwa analifuatilia jambo hilo kwa karibu sana, michoro imepitishwa, na faili liko Dodoma.